Loshuu haijashindwa na joto, ni watoto wake wanaoungua

Nimepotea kidogo, si kwa ubaya, ni TP halafu asaimenti zikaja juu yake kama mvua ya masika. Waliokuja hapa kutafuta stori za bumu wanisamehe, leo nimekuja na mboga. Ndiyo, mboga ya majani. Nisomeni tu, maana wengi wetu humu tunakwenda kushika chaki, na hili litatukuta darasani tutake tusitake.

Kuna kauli imezagaa sana huku Tengeru. Utaisikia sokoni Jumamosi, utaisikia kwenye daladala ya Usa River, na hata hosteli wapo wanaoirudia kama vile imetoka ikulu: "Loshuu haiwezi jua la siku hizi." Basi, kesi imefungwa. Ikifika Februari loshuu inaadimika, fungu linakuwa dogo mpaka unaona aibu kulishika, na meza zinajaa chainizi na mchicha. Mtu anaangalia hapo anahitimisha kwamba mmea umeshindwa na hali ya hewa, tuhamie kwingine.

Mimi sikubali. Wanaokufa Februari ni watoto wa loshuu, tena katika wiki mbili tatu za mwanzo tu. Hilo ni tatizo tofauti kabisa, na dawa yake ni tofauti.

Kwa mliotoka mikoa mingine, kwanza tuelewane: loshuu siyo loshoro. Loshoro ni chakula, mahindi na maziwa mgando. (Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Mwanza, aliagiza loshuu akitegemea bakuli la kunywa, akaletewa majani na ugali, akanuna mpaka jioni.) Loshuu ni mboga, ndugu wa sukuma wiki, ina ukali fulani unaopanda puani. Ukali huo una sababu, maana hii ni haradali kabisa. Wataalamu wanaiita Brassica carinata, haradali ya Ethiopia. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Japani, Nagaharu U (jina la ukoo herufi moja, usifikiri nimekosea kuchapa), alionyesha kwamba ukoo huu ni wa familia moja ya ajabu. Haradali nyeusi ina jozi 8 za kromosomu. Jamii ya kabichi na sukuma wiki ina jozi 9. Zamani sana wawili hao wakachanganyika, na mtoto hakuchagua upande wa baba wala wa mama, akabeba vyote, jozi 17. Huyo ndiye loshuu.

Kwa hiyo mtu anapoiita mboga dhaifu ya kienyeji mimi nacheka. Mwaka 2012 huko Kanada waliruka na ndege ya jeti, Falcon 20, ikichoma mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mbegu za carinata, bila kuchanganya hata tone la mafuta ya taa ya kawaida. Januari 2018 Qantas nao wakatoka Los Angeles mpaka Melbourne na mafuta yaliyochanganywa na ya mbegu hizo hizo. Nitarudi kwenye ndege, kuna jambo pale linanikera.

Sasa tazama shamba. Nenda popote chini ya mlima penye loshuu iliyopandikizwa Novemba wakati wa vuli. Februari utaikuta. Saa saba mchana majani yamelala kama mwanafunzi kwenye lekcha ya baada ya chakula, lakini jua likishuka yanasimama tena. Inawezekanaje? Mmea mkubwa una mzizi uliokwenda chini ambako udongo ni wa baridi, na maji yanayotoka kwenye majani yanaupoza mmea kama vile mtungi wa udongo unavyotoa jasho na kupoza maji ya kunywa. Juu ya hapo majani yake yenyewe yanatia kivuli shina lake. Amejijengea nyumba.

Mche wa siku tano hauna nyumba. Una majani mawili, shina jembamba kama uzi wa kushonea, na mzizi uliokaa kwenye tabaka lile lile la juu linalopikwa na jua. Na udongo wetu huku ni mweusi, wa volkano ya Meru. Unatusifia mavuno, lakini mweusi ni mweusi: ukikauka na ukiwa wazi mchana unameza joto vibaya sana.

Nilipokuwa TP niliazima kipimajoto cha maabara nikatoka na wanafunzi wangu mchana. (Mmoja alitaka kuleta kile cha kupimia homa. Nikamwambia kile mwisho wake nyuzi 42, utakiua bure.) Kwenye kivuli cha mti tukasoma 29. Tukalaza ncha kwenye udongo mkavu wa kitalu, tukaifunika na vumbi kidogo tu, tukasubiri. Ikapanda, ikapita 40, ikapita 45. Watoto walinyamaza. Yule aliyekuwa kandambili alishajua jibu kabla ya kipimajoto.

Hapo ndipo pana kiini cha maneno yangu yote. Redio ikisema leo Arusha nyuzi 30, hiyo imepimwa kivulini, ndani ya kibanda cha hewa, kama mita moja na nusu juu ya ardhi. Loshuu mtoto haishi mita moja na nusu juu ya ardhi. Inaishi pale ambapo shina linagusana na udongo, na pale ni nchi nyingine yenye hali ya hewa yake. Nyie wenzangu wa ualimu mnakumbuka tulivyokariri masharti ya mbegu kuota: maji, hewa, na "joto la kufaa". Joto la kufaa! Tumelijaza kwenye mitihani miaka na miaka na hakuna aliyeuliza ni nyuzi ngapi, kwa mmea gani, na lipimwe wapi. Mbegu ya maharage ikaota kwenye chupa ya jamu dirishani, ikapigiwa makofi, mada ikaisha.

Madhara ya kutojua hilo yanaonekana kwenye vitalu. Joto likizidi pale shingoni mwa mche, tishu zinaungua, shina linabanwa kama limefungwa uzi, mche unaanguka ubavu. Ukiutazama haraka unafanana sana na kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu unaolaza miche. Sasa mama wa watu anaona miche imelala, anakwenda duka la pembejeo, anauziwa dawa ya ukungu. Au anamwagilia zaidi na zaidi. Ilhali kinyausi kinapenda kitalu kilicholowa na kubanana, na joto linaua kitalu kikavu kilicho wazi. Ukitibu kimoja kwa dawa ya kingine unapoteza hela na miche inakwisha vile vile. Halafu jioni unasema loshuu haiwezi jua.

Mama mmoja ninayenunuaga kwake mboga nilimwuliza, shikamoo mama, mbona wiki hii hakuna loshuu? "Marahaba mwanangu. Nimesia mara tatu, mara tatu imelala. Sisii tena." Mara tatu za mbegu, mara tatu za maji ya kubeba kichwani. Sasa anauza chainizi ya kununua kwa mwenzake, faida yake ni ya kuhesabu kwa vidole. Mimi naongea kuhusu mtu huyo. Sizungumzii dunia inayopata joto kwenye makongamano.

Haya, je mche unaweza kuvumilia joto? Unaweza, tena kuliko tunavyodhani, ila kuna namna yake. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa anachunguza nzi wadogo wa matunda, na mwenzake wa maabara akawa ameongeza joto la chombo walimokuwa wamehifadhiwa. Ritossa akatazama kwenye hadubini akakuta sehemu fulani za kromosomu zimevimba, sehemu ambazo kwa kawaida zimetulia. Baadaye ikajulikana kwamba kiumbe kikipigwa na joto kinaamsha jeni maalumu za kutengeneza protini za kujihami, wanaziita protini za mshtuko wa joto. Kazi yake ni kushika protini nyingine zisijikunje vibaya na kugandana, na kuzikunjua zilizokwisha kugandana. Yai likichemshwa haligeuki tena kuwa bichi, sivyo? Mmea unajaribu kuzuia usifike huko.

Mimea inazo pia. Na utamu ni huu, moja ya majaribio yaliyoonyesha hilo vizuri yalifanywa kwa miche ya ukoo wa haradali, kijimea kidogo kinaitwa Arabidopsis. Mwaka 2000 Suk-Whan Hong na Elizabeth Vierling wa Chuo Kikuu cha Arizona walichukua miche ya siku mbili na nusu, iliyooteshwa gizani, wakaitia kwenye nyuzi 38 kwa dakika 90, wakaipumzisha, halafu ndipo wakaipeleka nyuzi 45 kwa saa mbili. Miche mizima ikaendelea kurefuka. Isiyoonjeshwa lile joto la kwanza, ukiipeleka 45 moja kwa moja, inakufa. Na wakapata miche yenye jeni moja mbovu ambayo hata ukiizoesha haizoei. Jeni moja tu!

Maana yake mtaalamu wa kitalu wa Tengeru anayefunika miche kwa chanja ya majani ya migomba, halafu anapunguza kivuli kidogo kidogo kabla ya kupandikiza, anafanya sayansi ile ile bila kujua jina lake. Mche uliokaa kivulini muda wote ukitolewa ghafla saa sita mchana ni sawa na yule aliyepelekwa 45 bila kuonjeshwa 38. Wengi wetu chanja tunaijua. Hatua ya kuipunguza ndiyo tunaiacha, kwa sababu ni ya kusumbua, inataka mtu awepo asubuhi na mchana. Najua pia nyasi zenyewe siku hizi za kugombania na ng'ombe wa ndani.

Sasa mtaniambia, kwani Tengeru si ndiyo kwenye wataalamu wa mboga? Kweli. Tuna Horti, ambayo sasa ni TARI Tengeru. Tuna Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho wazee bado wanakiita AVRDC, kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971 na kufungua ofisi ya Afrika hapa kwetu mwaka 1992, na benki yake ya mbegu ina mboga za kienyeji za kila namna, loshuu ikiwemo. Siwabezi hata kidogo, mboga ambazo wengine walizidharau kama magugu wao walizitunza. Lakini mfugaji wa mbegu anayehudumia nchi nyingi hawezi kujua kitalu cha Kikwe kina joto gani saa nane. Mteremko wetu una visa. Panda Nkoaranga, asubuhi ya Julai unavaa koti. Shuka Mbuguni, unatafuta kivuli cha kusimama. Yote hiyo ni safari ya siku moja, na loshuu ya juu na ya chini hazikulelewa sawa.

Ndipo narudi kwenye ndege. Waliowekeza kwenye carinata kule kwenye fedha wanataka mafuta ya mbegu, na wana sababu zao. Mche wa loshuu unaoungua kitaluni Februari ili sisi tule majani Machi hauko kwenye hesabu zao, na wala sitegemei uwe. Tazama India: haradali yao (ndugu wa loshuu) inasiwa baada ya mvua za monsuni, udongo ukiwa bado wa moto, miche inaungua kama yetu. Wao wana taasisi nzima ya haradali pale Bharatpur, Rajasthan, tangu 1993, na wametoa aina zilizochaguliwa makusudi kwa kuvumilia joto zikiwa changa. Zikiwa changa! Waligundua kwamba kumpima mmea mkubwa hakukuambii mtoto wake atafanyaje. Nani atafanya hivyo kwa loshuu ya Meru kama si watu wanaoila?

Jirani yangu wa kitanda cha juu anasema naleta siasa, joto likizidi tule mchicha, mchicha unapenda jua. Kuhusu mchicha yuko sahihi, ule umeumbwa tofauti, unatengeneza chakula chake kwa njia inayofaa penye jua kali. Lakini hoja ya "tule mchicha" ikifuatwa kila mwaka tutabaki na mboga moja mezani. Isitoshe mbegu ya loshuu haihitaji duka. Unaacha mimea michache ikomae, unakung'uta kwenye gazeti, umemaliza. Chainizi wengi wanarudi dukani kila msimu.

Na hapo kwenye kung'uta mbegu ndipo ninapotaka kugombana na watu kwa upole. Tunachagua vibaya. Mimea mizuri yenye majani mapana tunaichuma, inakwenda sokoni mpaka inachoka. Inayobaki kutoa mbegu ni ipi? Ile iliyokimbilia maua mapema, kwa sababu haikuwa na majani ya kuuza. Joto lenyewe linaharakisha maua. Kwa hiyo kila mwaka tunajiwekea mbegu za wakimbiaji, na kwa kuwa loshuu kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, tabia ya mama inamfuata mtoto. Halafu tunaishangaa loshuu yetu ina majani machache na inazeeka haraka. Mfugaji wa mbegu ni sisi, hata kama hakuna aliyetupa koti jeupe.

Upande wa joto la utotoni pia tunajinyima. Mbegu ikitoka kwenye miche iliyolelewa kivulini muda wote, hatujui nani angevumilia na nani asingevumilia. Wote wamepita mtihani kwa sababu hakukuwa na mtihani. Ninachopendekeza mimi: kitalu cha kuuzia kifunike, tafadhali kifunike. Ila acha kipande kidogo, hatua moja tu, usie Januari bila kivuli cha kudumu. Mwagilia kama kawaida ili usichanganye kiu na joto. Ikibaki miche sita kati ya mia, hiyo sita ifunge utepe, usichume hata jani, mbegu zake zitie kwenye chupa peke yake. Rudia mwaka unaofuata. Kwa namna hiyo hiyo ndivyo mababu walivyopata kila kitu tunachokula. Hata hivyo usitegemee muujiza msimu wa kwanza, kati ya hao sita wapo waliopona kwa bahati tu, walikuwa chini ya jiwe.

Kwa upande wa shule, hili linafanyika bila maabara ya maana. Lile jaribio la Arizona linapimwa kwa rula jamani! Unaotesha mbegu kwenye karatasi laini iliyolowa, ndani ya boksi lenye giza. Siku ya tatu unapima urefu wa kijishina kilicho chini ya majani ya kwanza. Unatia miche kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, unaizamisha kwenye thamosi ya maji ya nyuzi 38, baadaye ya nyuzi 45, na kundi lingine unalipeleka 45 moja kwa moja, na lingine huligusi. Unarudisha gizani, unapima tena baada ya siku mbili tatu. Namba hizo ni za Arabidopsis, za loshuu itabidi tuzitafute kwa kujaribu, na hilo ndilo somo lenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakuwa ameandika jedwali lenye namba ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Na akileta mbegu za bibi yake wa Poli, mwenzake za mjomba wake wa Mbuguni, wataanza kubishana, na mimi darasa linalobishana kuhusu kitu walichokipima wenyewe silibadilishi na zile noti za kunakili ubaoni.

Mwalimu mmoja mzoefu alinitahadharisha kwamba mitihani ya taifa haiulizi loshuu. Sawa, haiulizi. Inauliza masharti ya kuota, na mtoto aliyeona uzi wake mweupe unakataa kurefuka kwa sababu ya nyuzi saba hatasahau sharti la tatu.

Basi wadau, nakusanya mbegu. Nataka za juu na za chini ya mlima, zilizokung'utwa nyumbani, siyo za pakiti. Wa Akheri, Nkoaranga, Kikwe, Maji ya Chai, hata kijiko kimoja cha chai kinatosha, andika kwenye karatasi imetoka wapi na ilisiwa mwezi gani. Jumamosi nitakuwa sokoni mpaka saa nne, baada ya hapo nipo kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba. Na mwenye thamosi ambayo bado inashika joto aniazime, ya kwangu mwenzangu wa Mwanza ameifanya ya chai.